Dhahabu ya Gemu na Hesabu ya Bosi

Hosteli kwetu kuna watu wanacheza gemu za kulipia mwaka wa pili sasa na hawajawahi kutoa hata mia mfukoni. Hawajaiba wala hawajadukua akaunti ya mtu. Wanalipa kwa dhahabu ya humo humo ndani ya gemu. Kama unakula kantini ya chini utakuwa umeshamsikia mmoja wao akitamba: "Mimi sinunui bwana, gemu inajilipa yenyewe."

Sentensi hiyo sasa imechukuliwa na pande mbili. Wachezaji wanatambia. Kamati ya malazi nayo imeinukuu kwenye hoja yake kama ushahidi kwamba wenzetu wanakesha "wakizalisha hela za kamari" kwa waifai ya chuo, na kwa hiyo gemu zote zifungwe kwenye mtandao wa hosteli. Hoja itapigiwa kura kwenye bunge letu la wanafunzi kabla ya mitihani. Mimi naipinga. Ila siipingi kwa sababu ya wale wanaotamba, maana kiukweli na wao hawajui wanachokifanya.

Niseme mapema nimesimama wapi. Nasoma ualimu mwaka wa tatu, Hisabati na Jiografia, na nacheza Old School RuneScape kwenye simu toka nimalize kidato cha sita. Miezi mingi nimeilipia kwa dhahabu. Kwa hiyo ninaposema gemu haijilipi, siyo wivu.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Old School RuneScape ni gemu ya kampuni ya Uingereza inayoitwa Jagex. Kuna sehemu ya bure, lakini maeneo mengi, kazi nyingi na silaha zote za maana zimefungwa mpaka uwe mwanachama, na uanachama unalipiwa hela halisi. Mwaka 2015 ikaongezwa njia ya pili, bondi. Mtu mwenye kadi, tuseme yuko Manchester na ana ajira ya kutwa, ananunua bondi kutoka kwa kampuni. Siku za kucheza anazo tayari. Anachotaka ni dhahabu, kwa sababu hana muda wa kuihangaikia. Anaipeleka bondi kwenye soko la ndani ya gemu, mimi namlipa dhahabu niliyokusanya wiki nzima, halafu naifungua na kupata siku 14 za uanachama.

Kwa asiyecheza: chukulia jirani yako ana hela lakini hana shamba. Ananunua vocha ya elfu kumi dukani, anakupa wewe, wewe unampa mahindi. Unapiga simu bila kutoa shilingi. Lakini mwenye mtandao wa simu amekwishalipwa elfu kumi yake toka asubuhi, na wewe umekwishalipa toka siku ile uliposhika jembe.

World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard inafanya vilevile, na pale hesabu ni rahisi zaidi kuiona. Mwezi mmoja wa kucheza Marekani ni dola 14.99. Mwaka 2015 wakaleta tokeni: mtu anainunua kwa dola 20, anaiuza sokoni kwa dhahabu, na aliyeinunua kwa dhahabu anapata siku 30. Toka 2017 anaweza pia kuigeuza kuwa salio la dola 15 kwenye duka la kampuni na kununua hata sehemu mpya za gemu zinazouzwa kwa hela. Ukisikia mtu anasema amepata toleo jipya "bure kwa dhahabu yake", ndiyo njia hiyo. Sasa piga hesabu. Kwa kila mwezi wa "bure" kampuni imepokea dola 20. Kwa mwezi wa kulipia ingepokea chini ya 15. Mwezi wa bure ni ghali kuliko mwezi wa kununua! Aliyelipa ni mtu mwingine tu, ambaye humfahamu.

Na wewe pia umelipa. Tuje kwenye saa.

Bei ya bondi moja sokoni imevuka milioni kumi za dhahabu. Miaka michache nyuma ilikuwa chini ya milioni tano, maana dhahabu humo ndani inazidi kuzalishwa kila siku na, kama ilivyo kwa noti, zikijaa zinashuka thamani. Mimi kwa kiwango changu napata kama laki tano kwa saa. Kwa hiyo natakiwa kufanya kazi zaidi ya saa 20 ili nipate siku 14. Hiyo ni karibu saa moja na nusu kila siku, kabla sijacheza kile nilichokuja kucheza. Na ninaposema kazi namaanisha kazi: kuua joka lile lile, kupeleka ngozi benki, kurudi, kuua tena. Hakuna anayefurahia saa ya kumi na tano ya ngozi za majoka.

Kila dereva wa bodaboda anaijua hali hii, na ina jina: hesabu ya bosi. Pikipiki si yako. Asubuhi unaamka, na abiria wa kwanza mpaka wa saa nane ni wa bosi. Baada ya hapo ndiyo unaanza kutafuta ya kwako. Jamaa anayetamba kantini kwamba gemu inajilipa ni sawa na dereva anayetamba kwamba pikipiki inajipelekea hesabu yenyewe.

Tuibadilishe iwe shilingi. Bondi kwa hela ni chini ya dola 10, yaani kama shilingi elfu ishirini na kitu. Ukigawa kwa saa 20, nalipwa chini ya shilingi 1,300 kwa saa. Mtaa wa nyuma ya chuo mzazi ananipa 5,000 kwa saa moja ya tuisheni ya Hisabati kidato cha pili. Saa tano au sita za ubaoni zinanunua kile ambacho majoka yananidai saa 20. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aende kwa majoka?

Hapa ndipo kamati ya malazi inapokosea, kwa sababu inadhani jibu ni uraibu. Kwa wachache, ndiyo. Kwa wengi jibu ni kwamba tuisheni haipatikani saa nne usiku, haipatikani kwa kila mtu, na mzazi wa mtaani hamwiti mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyemjua. Boom ni shilingi 10,000 kwa siku, ya chakula na malazi. Mwezi wa gemu ya dola 15 ni karibu boom ya siku nne. Kijana wa Oslo analipa dola hizo hizo na hata hashtuki. Lakini nenda kwa majoka: joka linatoa ngozi ile ile kwa kijana wa Oslo na kwa wa Mbagala. Saa yangu na saa yake, tukiwa na kiwango kimoja cha uchezaji, zinalingana. Nje ya gemu hazijawahi kulingana hata siku moja. Kwa maskini wa dola, dhahabu ndiyo sehemu pekee ya duka ambako hajaanza akiwa nyuma. Hilo mimi nalihesabu kuwa jambo la heshima, na sioni kwa nini mtu alionee aibu.

Wachumi waliliona zamani. Mwaka 2001 Mmarekani Edward Castronova alichapisha utafiti kuhusu EverQuest, gemu iliyokuwa inavuma wakati huo. Aliangalia wachezaji walikuwa wanauziana vitu vya humo ndani kwa bei gani za dola, akakadiria kwamba saa moja ya mchezaji inazalisha kama dola 3.42. Watu walicheka. Miaka kama 16 baadaye bolivari ya Venezuela ilipoporomoka, vijana wa kule waliingia Old School RuneScape kwa wingi, wakaua majoka ya kijani kutwa nzima na kuuza dhahabu kwa dola nje ya gemu, kwa sababu saa ya joka ilikuwa inalipa kuliko ajira nyingi za mjini kwao. Sheria za gemu zinakataza kuuza dhahabu kwa hela. Wachezaji wengine wakawageuza mawindo, wakaandikiana mpaka maelekezo ya jinsi ya kuwatambua na kuwaua. Mimi lile bado linanikera. Mtu anatafuta unga, na mwenzake anamfukuza kwa upinde wa kuchora.

Zingatia tofauti, maana hoja ya kamati imezichanganya. Mvenezuela alikuwa anageuza dhahabu kuwa hela, jambo linalokatazwa. Mwenzetu wa hosteli anageuza dhahabu kuwa siku za kucheza, kupitia soko la kampuni yenyewe, jambo linaloruhusiwa. Hela haitoki. Ukishanunua bondi kwa dhahabu huwezi kuila wala kulipia ada. Hata ukitaka kuirudisha sokoni unatozwa asilimia 10 kwanza. Mlango ni wa kuingilia tu. Kamari ni kitu kingine kabisa. Ilikuwepo, kulikuwa na uwanja wa kupigana kwa dau, na kampuni iliuondoa mwaka 2022. Kuita bondi kamari ni kumwita muuza mahindi mcheza pata potea.

Ukitaka lawama ya haki, ipo, na ni hiyo ya mlango wa upande mmoja. Historia ya sekondari ilitufundisha kipande, ile kadi ya manamba wa mashamba ya mkonge iliyokuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na hulipwi mpaka zijae. Kule Uingereza Bunge lilipitisha sheria mwaka 1831 kuwazuia waajiri wa kazi nyingi kuwalipa watu kwa bidhaa au vocha za duka la mwajiri badala ya fedha. Dhahabu yetu ina harufu ya vocha ile: unafanya kazi kwa bosi, unalipwa kitu kinachonunua kwa bosi tu. Sitaki kuzidisha chumvi. Manamba alisukumwa na kodi, mimi hakuna aliyenisukuma. Lakini kwa anayetaka kuzikosoa kampuni hizi aanzie hapo, aache maneno ya kamari.

Na kufunga kunasaidia? Jagex wenyewe walijaribu. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, walipochoshwa na wauza dhahabu na kadi za benki za wizi, waliweka mipaka kwenye biashara kati ya wachezaji. Usingeweza kumpa rafiki yako kitu cha thamani bila kupokea kinacholingana. Wachezaji wa kawaida, ambao hawakuwa na kosa, ndio walioumia, na wengi wakaondoka. Baada ya miaka mitatu kampuni ikapigisha kura, kura zaidi ya milioni moja zikapigwa, asilimia 91 wakataka biashara huru irudi, ikarudi Februari 2011. Miaka miwili baadaye, kwenye RuneScape yenyewe, wakaleta bondi, yaani walikubali kwamba watu watabadilishana tu, basi bora wabadilishane mahali penye taa. Kama wenye seva walishindwa, waifai ya bloku tatu itaweza? Tena gemu hii inakula bando kidogo kuliko video. Anayeua mtandao wetu saa tatu usiku ni anayeshusha msimu mzima wa tamthilia, na sijaona hoja dhidi yake.

Penye giza ndipo panapotuumiza kweli, na hapo kamati ingekuwa na kazi ya maana. Muhula uliopita kuna dogo wa mwaka wa kwanza alikuja chumbani kwangu.

"Kaka, nimepigwa."

"Umepigwa vipi dogo?"

Alikuwa na dhahabu nyingi kwenye gemu moja isiyo na soko la bondi. Kwenye kundi la simu akapata mtu anayesema atamnunulia toleo jipya la kulipia kwa kubadilishana na dhahabu yote. Na kweli alimtumia namba ya siri ya kufungulia. Dogo akafungua, akacheza wiki tatu. Wiki ya nne toleo likatoweka kwenye akaunti yake, na akaunti ikasimamishwa. Namba ile ilikuwa imenunuliwa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi alipolalamika benki, malipo yakarudishwa na duka likaifuta. Yule mtu wa kundini hakuonekana tena. Dogo hakuwa na pa kulalamika, kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa imekatazwa kwenye masharti ya gemu. Miezi mitano ya jioni zake ilikwenda hivyo.

Ndiyo tofauti kubwa ninayotaka wabunge waione. Kwenye soko la ndani ya gemu mfumo unashika vitu vya pande zote mbili kwa wakati mmoja, hakuna wa kutangulia. Nje ya soko lazima mmoja atangulie, na atakayetangulia ni yule mwenye shida. Hata akilipwa, hajui alicholipwa kimetoka mfukoni mwa nani. Wale wa gemu za simu, PUBG Mobile na Free Fire, wako kwenye giza hilo karibu muda wote, maana UC na almasi hazina soko la kubadilishana kati ya wachezaji. Wanachouziana ni akaunti nzima, na aliyekuuzia akaunti anaweza kuidai tena kesho kwa barua pepe aliyoifungulia. Nimewaona watatu kwenye bloku yetu peke yake.

Kwa hiyo ningeomba hoja irekebishwe. Ifutwe sehemu ya kufunga gemu. Wakitaka kuokoa mtandao, waweke kikomo cha kasi kwa mafaili makubwa kuanzia jioni mpaka usiku wa manane, kiguse gemu na tamthilia sawasawa. Waziri wetu wa Mikopo, ambaye kila mwaka anatukusanya kutufundisha namna ya kusaini boom, atumie nusu saa ya kikao hicho kuelezea namba za siri za wizi na akaunti za kuuziwa. Wapo watakaosema hilo si jambo la Wizara ya Mikopo. Hela iliyompotea yule dogo akijaribu kununua akaunti nyingine ilikuwa ya boom, kwa hiyo nadhani ni jambo lao.

Wanaotamba nao nina neno nao. Chukueni karatasi. Andikeni bei ya mwezi kwa dhahabu, gawanyeni kwa mnachopata kwa saa, halafu andikeni pembeni bei ya mwezi huo kwa shilingi. Mtapata mshahara wenu. Ukiona unakuridhisha, endelea, wala usimsikilize mtu. Mwaka wa kwanza asiye na tuisheni, yuko likizo nyumbani, umeme upo, kazi hakuna: shilingi 1,300 kwa saa pamoja na burudani kidogo si haba, na kuna kazi za viwandani za kuchosha kuliko joka. Lakini wiki ya mitihani saa hiyo hiyo haiuzwi 1,300. Somo moja la kurudia linakula likizo nzima, na bodi ya mikopo haiangalii kama una uanachama.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye hachezi chochote, aliposoma rasimu ya makala hii aliuliza kwa nini basi nisilipe tu hela nikamaliza. Ni swali zuri. Zamani jibu lilikuwa kadi: bila kadi ya dola hununui kitu. Siku hizi kadi za mtandaoni za kwenye simu zimeondoa kisingizio hicho kwa wengi wetu. Kwangu imebaki kalenda. Likizo ndefu nalipa kwa dhahabu. Muhula ukianza nalipa kwa hela ya tuisheni. Wazazi wakichelewesha, kama mwezi huu, uanachama unakatika na mimi narudi sehemu ya bure kukata miti.